Mchicha wa Uzi Mwekundu

Kazi ya kwanza ya Teddy kila asubuhi ilikuwa kupanda ngazi. Kutoka chumba chao cha ghorofa ya tano hadi juu ya paa zilikuwa ngazi hamsini na nne, naye alizijua moja moja: ile iliyomeguka, ile inayoteleza, na ile ambayo Calvin, mwenzake wa darasani, alijikwaa akavunja jino. Alipanda na ndoo ya maji mkono mmoja na kopo la kumwagilia mkono wa pili, akifika juu anahema, maji nusu yamemlowesha miguu.

Jengo lao lilikuwa Sanyuanli, katika jiji la Guangzhou, kwenye vichochoro ambako majengo yamesogeleana mno, hata mtu wa dirisha hili anaweza kumpa chumvi jirani wa dirisha lile. Chini kulikuwa na ofisi za kusafirisha mizigo, marobota ya nguo na wasukuma mikokoteni wanaopiga kelele watu wapishe njia. Juu ya paa palikuwa shamba.

Shamba lenyewe lilikuwa maboksi meupe ya povu gumu, yale ya kubebea samaki wa barafu, yakiwa yamejazwa udongo. Maboksi manne yalikuwa ya Teddy na mama yake. Mengine yote, zaidi ya thelathini, yalikuwa ya mwenye nyumba, Popo Leung. "Popo" ni neno la Kichina la kumwita bibi, na wapangaji wote, hata wenye mvi, walimwita hivyo.

Popo Leung alikuwa mfupi, mkavu, na hakukaa kitako mchana kutwa. Zamani alikuwa mkulima. "Hapo chini palikuwa bustani ya mama yangu," alimwambia Teddy siku moja, akionyesha kichochoro kwa kisu chake cha mboga. "Jiji likaja na vipimo vyake, likamwaga zege. Walichukua chini, mimi nikapanda juu." Juu ya paa hilo ndiko alikomfundisha Teddy Kichina: maji, jani, mzizi, mdudu, kesho, jana. Baada ya miaka mitatu Teddy, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikisema Kichina vizuri kuliko mtu mzima yeyote katika jengo. Bomba likipasuka, aliitwa. Fomu ikiletwa, aliitwa. "Teddy, njoo useme!" ndiyo sauti iliyosikika ngazini kila siku, naye ilimpendeza kuisikia.

Mama yake, Yustina, alikuwa mfanyabiashara kutoka Usangi, milima ya Upare. Alinunua nguo katika masoko ya Liuhua na kuzipeleka kwa kontena hadi Tanzania, ambako baba yake Teddy, Heriel, alizipokea na kuziuza Moshi. Mama hakuwa na muda wa kupanda paani, lakini alikuwa amemfundisha binti yake kuchuma mchicha kama alivyofundishwa yeye. Unashika shina. Unahesabu vifundo viwili kutoka kwenye udongo. Unakata mshazari juu ya kifundo cha pili, ili maji yasituame kwenye kidonda, na baada ya siku chache mche unachipua matawi mapya. Popo hakuwa na habari ya mambo hayo. Yeye aling'oa mche mzima, akaosha mizizi, akaupika wote. Mama Kethia, jirani yao Mkongo wa mlango wa pili, naye alikuwa na mtindo wake: alinyonyoa jani moja moja kwa vidole, akiuita mchicha lengalenga.

Mwaka ule, 2009, ulikuwa mgumu kwa wageni. Wapo wanaopenda tuusahau, waliouishi hawakuusahau. Wakaguzi wa pasipoti walisimama kwenye milango ya treni za chini ya ardhi, wakazunguka masokoni, wakapanda majengo kugonga vyumba. Mtu aliyekuja na fedha zake, aliyejaza makontena na kuwapa watu kazi viwandani, alisimamishwa njiani mbele za watu kama mwizi wa kuku. Baba Kethia, ambaye jina lake ni Bienfait, mnunuzi wa jinzi kutoka Lubumbashi, mwezi mmoja kabla alikalishwa kituoni saa tisa nzima huku pasipoti yake, halali kabisa, ikiwa mfukoni. Jioni wakamwambia aende. Hakuna aliyemwomba radhi.

Kwa hiyo Jumapili watu walipokutana kwenye ibada yao, baada ya kusali walikaa na kula pamoja mle mle ukumbini, kwa kuwa wengi waliogopa kutembea hotelini. Jumapili ya kwanza ya Oktoba mtu mmoja aliuliza nani ataleta mboga wiki ijayo. Teddy akasimama.

"Mimi! Nitaleta mafungu kumi ya mchicha. Nimelima mwenyewe!"

Watu wakampigia makofi. Mwalimu Hannah, aliyewafundisha watoto wanane wa wafanyabiashara katika chumba cha kupanga, akamshika bega na kusema, "Huyu ndiye mwanafunzi wangu."

Mama yake alimnong'oneza, "Mafungu kumi si mchezo, mwanangu. Na haya ndiyo mavuno ya mwisho. Kibaridi kikianza mchicha unagoma. Mwagilia."

"Nitamwagilia, mama."

Lakini Jumatatu baba yake Calvin, muuza vifaa vya umeme, alileta nyumbani mashine ndogo ya gemu ya mkononi, sampuli. Kila walipotoka darasani Teddy alipitia kwao "dakika tano tu." Dakika tano zikawa magharibi. Asubuhi alichelewa kuamka, akakimbilia darasani na ndoo ikabaki mlangoni, tupu.

"Nenda kamwagilie, Bibi Shamba," Calvin alimtania. "Mafungu kumi hayo!"

"Niachie raundi moja. Mchicha una miguu? Utakwenda wapi?"

"Hauendi. Unakufa hapo hapo."

"Cheza huko!"

Jumatano Popo Leung alikutana naye ngazini. "Mboga zako zina kiu," alisema. Teddy akajibu neno alilofundishwa na Popo mwenyewe: "Kesho."

Jumamosi asubuhi, mama alipokwisha kwenda Liuhua, Teddy alipanda paani na kisu, beseni na kanga ya kufunikia. Alipofika kwenye maboksi yao manne alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Udongo ulikuwa umepasuka. Mchicha uliokuwa umefika magotini ulikuwa umelala, majani ya juu yamejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto, ya chini yametobolewa na viwavi. Akamwaga maji kopo la kwanza, la pili, la tatu. Maji yakapita tu, yakatokea chini ya boksi.

Kando yake yalikuwa maboksi sita ya Popo. Mchicha wake ulikuwa mnene, majani mapana, moyo mwekundu katikati. Kila shina lilikuwa limefungwa uzi mwekundu. Teddy aliutazama ule uzi. Alijua Wachina hufunga vitu vyekundu milangoni na mikononi kutafuta heri, akadhani na huu ni wa namna hiyo, pambo tu. Popo ana maboksi zaidi ya thelathini, alijiambia. Sita ni kitu gani? Na kesho watu wangesema nini, na Mwalimu Hannah, na Calvin?

Akashika shina la kwanza. Mkono wake ulijua kazi. Vifundo viwili, mshazari. Vifundo viwili, mshazari. Maboksi sita yakaisha kabla jua halijaufikia ukuta wa tangi la maji. Akafunika beseni kwa kanga, akaanza kushuka.

Ghorofa ya saba alikutana na Baba Kethia akipanda mbio, miguu mitupu, viatu mkononi.

"Ma petite, mtoto wangu," alinong'ona, "wakaguzi wako ghorofa ya pili. Juu kuna mtu?"

"Hakuna, Baba Kethia."

"Umeanua nguo?" Alikuwa akilitazama beseni.

"Ndiyo," Teddy alisema. "Nguo."

Wakaguzi waligonga vyumba, wakatazama pasipoti, wakateremka. Baba Kethia naye akashuka. Jengo likapumua, watu wakarudi kwenye mafungu yao ya jinzi na masufuria yao.

Saa nane mchana sauti ya Popo Leung ilishuka ngazi kabla yake mwenyewe.

"Teddy! Njoo useme!"

Teddy alitoka mlangoni. Popo alikuwa amesimama mbele ya chumba cha Wakongo, mkononi ameshika vipande vya uzi mwekundu. Baba Kethia alikuwa kwenye kizingiti, amevaa fulana ya ndani. Nyuma yake alisimama mkewe Denise, yaani Mama Kethia, na Kethia, mtoto wa miezi minane, amelala mgongoni kwake.

"Muulize," Popo alisema, akiutikisa ule uzi. "Asubuhi nilimwona akishuka kutoka juu, viatu mkononi, kama anayenyata. Alikuwa na kazi gani juu? Mchicha wangu wa mbegu umekatwa wote. Uzi mwekundu ni mbegu! Miche niliyochagua, ya mama yangu, miaka arobaini naipanda. Nani kaikata?"

Hapo ndipo Teddy alipojua uzi ule ulikuwa wa nini.  Akatafsiri swali.

"Bon. Mwambie Popo ukweli," Baba Kethia alisema polepole, ili mtoto asipotewe na neno. "Ni kweli nilipanda. Nilisikia wakaguzi, nikaogopa, maana mwezi ule walinikalisha bure. Nilijificha nyuma ya tangi la maji. Lakini mboga zake sikugusa, ata jani moja. Mungu ananiona."

Macho yote yakamgeukia Teddy.

"Anasema ni kweli alipanda," Teddy alisema kwa Kichina. Akaishia hapo.

"Hilo tu?" Popo aliuliza.

Teddy aliona ile nusu nyingine ya maneno, nzima, tayari ulimini. Ilikuwa fupi. Alijua kila neno lake, kwa kuwa Popo mwenyewe ndiye aliyemfundisha: mkono, gusa, jani, hapana.

"Hilo tu," alisema.

Popo aliufunga uzi ndani ya ngumi. "Basi Jumatatu siendi kituoni. Fomu yake ya makazi siitii saini. Atafute nyumba nyingine. Mwambie!"

Fomu hiyo kila mtu aliijua. Bila mwenye nyumba kuipeleka kituo cha polisi na kugongewa muhuri, mgeni hawezi kuongezewa viza. Na viza ya Baba Kethia ilikuwa inaisha Ijumaa.

"Anasema Jumatatu haendi kituoni," Teddy alisema, sauti ikimtoka kama ya mtu mwingine. "Anasema mtafute nyumba."

"Lakini umemwambia sikugusa?"

"Nimemwambia."

Denise hakupiga kelele. Alikaa juu ya robota la jinzi, akamzungusha Kethia kutoka mgongoni hadi kifuani, akamkumbatia. "Ijumaa," alisema. "Baba Kethia, leo ni Jumamosi."

Mama Yustina alirudi jioni, miguu imevimba. Mlango wa jirani ulimpa habari zote kabla hajafika kwake. Wakati wa chakula walisikia ukutani mlio anaoujua kila mtu wa biashara ya mizigo: utepe wa gundi ukivutwa na kukatwa, ukivutwa na kukatwa. Wakongo walikuwa wanafunga maboksi.

"Mchicha wa kanisani je?" mama aliuliza.

"Upo, mama. Mafungu kumi." Teddy hakuinua kichwa.

Mama alienda kwenye beseni, akafunua kanga. Akachukua shina moja, akalitazama, akalirudisha. Akafunika. Akaenda kuosha vyombo.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kuvaa nguo za ibada, alimwamsha Teddy. "Twende juu."

Ngazi hamsini na nne Teddy hakuhesabu hata moja. Mama alisimama kwanza mbele ya maboksi yao manne, akautazama mchicha uliokufa. Kisha akachuchumaa mbele ya maboksi sita ya Popo.

"Hesabu," alisema.

"Nini, mama?"

"Vifundo vilivyobaki."

Teddy akainama. "Viwili."

"Na hapa?"

"Viwili."

"Mkato?"

Teddy akaugusa mkato kwa kidole.

"Nakuuliza, mkato ukoje?"

"Mshazari."

"Mama Kethia ananyonyoa majani. Popo anang'oa. Jengo hili lina watu zaidi ya themanini, na mkato huu tunaujua wawili. Mmoja jana alikuwa Liuhua tangu saa mbili asubuhi."

Teddy akaketi palepale kwenye zege, akalia, na kilio kikafungua maneno. Alisema yote: gemu, ndoo tupu, mafungu kumi, kanga juu ya beseni. Mama alisikiliza akitikisa kichwa. Lakini Teddy alipofika kwenye ile nusu ya maneno aliyoiacha, mama alisimama.

"Umefanya nini?"

"Nilisema tu kwamba alipanda. Yale mengine sikuyasema."

Mama hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Teddy zaidi. "Yule baba alikupa ulimi wake uubebe," alisema. "Yeye hana mwingine hapa. Ukaukata katikati. Futa machozi. Tunashuka kwa Popo."

"Mama, utasema wewe?"

"Kwa Kichina kipi? Mimi najua 'bei gani' na 'hakuna'. Utasema wewe, kama ulivyosema jana."

"Atatufukuza na sisi!"

"Anaweza," mama alisema. "Nimelifikiria hilo usiku kucha. Akitufukuza tutahama. Lakini siwezi kukaa chumbani kwangu nikisikia wenzangu wanafunga mizigo kwa kosa la kwetu."

Popo Leung aliishi chini kabisa. Mama alitangulia kugonga kwa Wakongo, akawaomba washuke pamoja. Teddy alisimama mbele ya mlango wa Popo akiwa na beseni mikononi, kanga imeondolewa. Mlango ulipofunguka, Popo aliuona mchicha wake umefungwa mafungu kumi safi. Uso ukamkauka.

"Ni mimi," Teddy alisema kwa Kichina. Akageuka, akarudia kwa Kiswahili: "Ni mimi." Hivyo ndivyo alivyoendelea, kila sentensi mara mbili, upande huu na upande ule. "Mchicha wangu ulikauka kwa sababu sikumwagilia. Nikakata wa Popo. Sikujua uzi ni wa mbegu, lakini nilijua si wangu. Baba Kethia alisema hakugusa hata jani. Mimi niliyaacha maneno hayo. Popo aliniuliza kama ni hayo tu, nikasema ni hayo tu. Baba Kethia aliniuliza kama nimeyasema, nikamwambia nimeyasema."

Kazi ikawa ngumu zaidi Popo alipoanza kujibu, maana na hayo ilibidi ayatafsiri.

"Anasema mimi ni mwizi," Teddy aliwaambia, machozi yakidondokea mchicha. "Anasema alinifundisha kusema, nami nikachukua maneno yake nikamdanganya nayo. Anasema... anasema jana usiku alimlaani mtu asiye na kosa, na mimi ndiye niliyemlaanisha."

 Baba Kethia akashusha pumzi ndefu.

"Unajua, ma petite," alisema, "jana nilimwambia mke wangu: bibi huyu ana moyo wa jiwe. Amenisikia naapa na hakujali. Kumbe hakunisikia." Akamtazama Popo, akainamisha kichwa. "Mwambie hayo pia. Yote, usikate."

Teddy aliyasema yote. Popo Leung alimtazama yule mwanaume mrefu, naye taratibu akainamisha kichwa chake chenye mvi. Kisha akachukua kofia yake na kuanza kupanda ngazi. Wakamfuata msafara mzima, Kethia akipiga makelele ya furaha mgongoni kwa mama yake, maana kwake ule ulikuwa mchezo.

Juu ya paa Popo alinyosha mkono kuelekea kwenye vishina. "Kwisha," alisema.

"Vitachipua, Popo," Teddy alisema.

"Mche usio na kichwa? Usinidanganye tena."

Mama Yustina hakungoja tafsiri. Alichuchumaa, akakishika kishina kimoja kwa vidole viwili, akaelekeza ukucha kwenye pembe ya kifundo. Hapo palikuwa na kitone cha kijani, kidogo kama punje ya ulezi. Akaenda kwenye kishina cha pili. Kitone. Cha tatu. Kitone.

Popo alitoa miwani mfukoni, akainama, akakaa hivyo hata Denise akaanza kuwa na wasiwasi kwamba mgongo umemshika. "Siku ngapi?" aliuliza.

Mama akainua vidole kumi. Hilo halikuhitaji mtu wa kusema.

Popo akavua miwani. Alizungumza kwa ufupi, na Teddy alitafsiri neno kwa neno, akiogopa hata kupunguza pumzi. "Anasema kesho asubuhi atakwenda kituoni na fomu ya Baba Kethia. Anasema Baba Kethia asifunge mizigo. Anasema mimi nitamwagilia maboksi yote, yake na yetu, asubuhi na jioni, mpaka mbegu ziive. Nikikosa siku moja, ataongea na mama." Akameza mate. "Na anasema mboga zilizokatwa zisiozee kwenye beseni. Twende nazo tukale. Lakini tuseme ni za nani."

Denise alicheka na kulia kwa pamoja, akamshika Popo mikono yote miwili. Popo, asiyezoea kushikwa, alisimama wima kama mpini wa ufagio, lakini mikono hakuitoa.

Mchana ule ukumbini watu walikula ugali na mchicha wa nazi mpaka sufuria ikakwanguliwa. Calvin alipiga mayowe kutoka meza ya pili, "Bibi Shamba, leo umeua! Mchicha mtamu!"

Teddy akasimama.  "Si wangu," alisema mbele ya wote. "Wangu ulikauka. Huu ni wa Popo Leung, mwenye nyumba wetu. Niliukata bila ruhusa."

 Mwalimu Hannah akaiweka sahani yake chini. "Basi mpelekeeni Popo shukrani zetu," alisema. "Na wewe Teddy, kaa umalize chakula chako." Calvin alisogea, akamwachia nafasi kwenye benchi. Kesho yake ile mashine ya gemu ilirudishwa dukani.

Jumatatu saa nne Popo alirudi kutoka kituoni, karatasi ndani ya mfuko wa plastiki ili jasho lisiiguse. Muhuri mwekundu ulikuwa pembeni, bado unang'aa. Baba Kethia aliipokea kwa mikono miwili. Muda si mrefu ukutani ukasikika tena mlio wa utepe wa gundi, lakini sasa ulikuwa unabanduliwa, kwa pupa, na Denise anaimba. Alhamisi viza ilitoka, siku moja kabla.

Jioni hiyo mama alipanda tena paani. Alimkuta Teddy akimwagilia boksi la ishirini na saba, mikono imetoka malengelenge.

"Mama, bado umekasirika?"

"Kwa mchicha? Hapana. Mchicha unachipua." Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nisikilize, mwanangu. Tangu tulipofika hapa, nimesimama mbele ya meza nyingi zenye mihuri. Nasema maneno kumi, mtu anaandika matatu, yale anayoyataka, kisha ananihukumu kwa hayo matatu. Baba Kethia alikaa saa tisa kwa sababu hakuna aliyetaka kusikia maneno yake yote. Mimi nawakumbuka wote, meza kwa meza. Sitaki siku moja nimkumbuke mwanangu pamoja nao."

Teddy aliliweka kopo chini.

"Kosa la kutomwagilia ni la uvivu, linarekebishwa kwa ndoo," mama aliendelea. "Kuchukua cha mtu, kunarekebishwa kwa kukirudisha na kukiri. Lakini ukweli uliokatwa nusu unamwangukia mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hayupo hata kwenye shamba lako. Ukiona kitu, kiseme chote. Hata kile kipande kinachokuuma wewe. Hasa hicho."

"Nimesikia, mama."

"Haya, mwagilia. Boksi la ishirini na nane lina kiu."

Siku ya tisa, kabla ya ile ya kumi, vishina vyote vilikuwa na matawi mawili mawili. Mwishoni mwa Novemba matawi yakatoa mashada ya maua, na mashada yakajaa mbegu ndogo nyeusi zinazong'aa. Popo alizipukuta juu ya gazeti, akazipeta kwa kuzipulizia. Zilikuwa nyingi kuliko za mwaka uliotangulia, maana kila mche ulikuwa umezaa vichwa viwili badala ya kimoja. Akajaza chupa yake, kisha akatia konzi moja ndani ya kipande cha kitambaa, akakifunga kwa uzi mwekundu, akampa Teddy.

Mama Yustina alikuwapo. Popo akamgeukia, akasema maneno marefu huku akimwelekezea Teddy kidole.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

Teddy alivuta pumzi. "Anasema mkato wako ni mzuri, kuanzia sasa naye atakata hivyo. Anasema mbegu hizi tuzipande nyumbani kwetu." Akasita kidogo tu. "Na anasema nisimpe mtu mwingine kazi ya kumwagilia, kwa sababu bado mimi ni mvivu wa kuamka asubuhi. Jumanne nilichelewa, akaniona."

Mama alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo yote," Teddy alisema, akachukua ndoo.